Mlango Hauvimbi Kiangazi

Mzee Milimita alikuwa haweki makomeo. Milango alitengeneza, tena ya kusifiwa. Vitasa alifunga, bawaba alifunga, hata kile kitundu cha kumchungulia mgeni alikitoboa taratibu kama anayetoga sikio la mtoto. Lakini mteja akitamka neno komeo, mzee anaweka randa chini, anajifuta mikono kwenye aproni, anasema, "Hilo katafute fundi mwingine." Ukimuuliza kwa nini, na yeye anakuuliza watoto hawajambo.

Mtaani walimtania mpaka wakachoka. Jina lenyewe la Milimita walimpa wao, kwa ule ubishi wake wa vipimo. Unamwambia mlango uko sawa, yeye anainama, anafumba jicho moja, anakwambia umezidi milimita mbili, na hizo mbili hatakula mpaka azitoe. "Fundi wa milango anayeogopa komeo," walisema, "ni sawa na muuza samaki anayeogopa maji." Naye anacheka nao. Kucheka hakuna kazi.

Ila kwenye rafu ya karakana, nyuma ya makopo ya vanishi, kulikuwa na kopo la biskuti lililozungushiwa utepe. Ndani yake mlikuwa na komeo moja jeusi kwa moshi, limeshikana na pete yake, ulimi bado umo ndani. Lilikaa pale miaka kumi na minane. Mkewe alidhani ni misumari ya akiba.

Habari ya komeo hilo ni hii. Siku zile watu walikuwa hawajaanza kumwita mzee. Akaja bwana mmoja mpole, sauti ya chini, viatu vimepigwa rangi, akasema anataka komeo mlango wa chumbani, kwa nje. "Mke wangu anatembea usingizini, fundi. Nachelea asije akatoka akaumia." Fundi akaona huyo ndiye mume hasa, anayemjali mke. Akaenda na mkoba wake, akapima, akatoboa. Akiwa kwenye skrubu ya pili, mke akaleta maji. Sinia ndogo, glasi mbili, na zile glasi zilikuwa zinagongana kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa inatetemeka. Akasimama pale akiangalia kazi.

"Fundi," akauliza, "skrubu hizo ni ndefu?"

Na huyu mpumbavu, Mungu amsamehe, akavimba kichwa. Akadhani anasifiwa. "Ndefu, dada, nimezichagua mwenyewe. Hapa hata fahali hang'oi!" Akacheka. Mume naye akacheka. Mwanamke hakucheka. Alizitazama zile skrubu moja moja, akarudi jikoni na sinia yake, na glasi zikaendelea kugongana mpaka zilipotulia huko mbali.

Tena kuna jambo jingine, ambalo mzee hakuwahi kulisema hata peke yake. Kazi ilipokwisha, yule bwana alimwita mke aingie chumbani, akafunga mlango, akasukuma komeo. Kwaa! Akasubiri kidogo. Akalifungua, akatabasamu. "Kazi nzuri." Ilikuwa saa sita mchana, na huyo mwanamke alikuwa macho kama mimi na wewe. Fundi aliliona hilo. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini alijiambia kazi ya fundi ni kupima, si kuchunguza ndoa za watu, akabeba mkoba akaenda zake.

Baada ya miezi saba nyumba ile ilishika moto. Mchana pia, hitilafu ya nyaya, mume yuko kazini. Majirani walisema mlango uligongwa kwa ndani muda mrefu, kisha ukaacha kugongwa. Msibani yule bwana alilia mpaka akashikwa mabega. Akasema mke wake alikuwa na tabia ya kujifungia. Watu wakasema maskini, maskini. Siku chache baadaye mwenye nyumba alimwita Milimita aondoe fremu zilizoungua. Mlango wa chumbani ulikuwa umeliwa nusu. Na komeo lilikuwepo pale pale, kwa nje, limefungwa. Skrubu hazikuwa zimelegea hata kidogo.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Akatoa skrubu, akaling'oa pamoja na pete yake, akalitia mfukoni. Alijiambia nani atamwamini. Alijiambia wataniuliza nani aliliweka. Alijiambia nina watoto. Yule bwana akahama, na mambo yakapita kama yanavyopita mambo ya watu wengine. Lakini tangu siku hiyo, kila akikaza skrubu ndefu, anasikia glasi mbili zinagongana nyuma yake. Anageuka. Hamna mtu. Mwanzoni alikuwa anaacha kazi na kwenda kunywa maji. Baadaye akazoea, kama mtu anavyozoea mguu mbovu.

Sasa mtoto wake wa mwisho, binti. Huyu nyumba nzima ilimwita Maranda, kwa sababu alijifunza kutambaa ndani ya maranda ya mbao chini ya meza ya baba yake, na jioni mama yake alikuwa anamtoa vipande vya mbao kwenye nywele. Mwaka wa ule moto alikuwa na miaka sita. Umri huo tayari anagonga mbao kwa kidole, anaweka sikio, anasema, "Hii bado mbichi, baba." Wateja wanacheka mpaka machozi. Alikuwa na somo lake alilolikariri na kumsomea kila anayeingia: masika mlango unakunywa maji unavimba, unapigwa randa, kiangazi unasinyaa, unaachwa. Alipokua, akaajiriwa duka la samani kupaka vanishi, na mikono yake ilikuwa haiachi alama ya brashi. Mzee alijivunia hilo kuliko vyeti vya kaka zake.

Mzee alikuwa na desturi yake: kila mtoto akioa au akiolewa, anamtengenezea mlango wa chumba cha kulala. Wa Maranda aliuanza hata mchumba hajaonekana. Mbao ngumu, alizikausha miaka miwili, akizigeuzageuza kila wiki kama mgonjwa wa kitandani. Alipokuja kuolewa na karani mmoja wa ofisi, kijana wa shati lililonyooshwa na shikamoo mbilimbili, mzee aliufunga mlango ule kwa mikono yake mwenyewe. Alipousukuma ukajifunga bila sauti, alimgeukia mkwe akasema, "Huu utakufa wewe, utauacha." Wakacheka.

Nyumba njema si mlango. Wahenga waliyasema hayo, na Mzee Milimita alikuwa akiyarudia kwa wateja kama mzaha wa kibiashara. Hakudhani yanamhusu.

Mwaka wa kwanza Maranda aliacha kazi dukani. Mkwe alieleza: harufu ya vanishi inamuumiza kichwa. Mzee akashangaa kidogo, mtoto aliyekulia ndani ya vanishi, lakini akasema haya, mwili hubadilika. Rafiki yake wa dukani, waliyekuwa wanavaa naye sare moja kila sikukuu, akaacha kutajwa. Simu nazo zikabadilika. Ukimpigia, unasikia ule mwangwi wa simu iliyowekwa kwenye spika, na kabla hajajibu kuna kimya kifupi, kama mtoto anayemwangalia mwalimu kwanza. "Unaendeleaje, mwanangu?" Kimya. "Naendelea vizuri, baba." Kisha mkwe kwa pembeni, kwa uchangamfu: "Anaendelea vizuri sana, baba!"

Wakija kutembea, hawakai. Mkwe anaangalia saa, Maranda anasimama kabla hajaambiwa. Siku moja walikuwa mezani wanakunywa chai, mkwe akainua mkono kujikuna kisogo, basi. Maranda akajikunja. Bega lilipanda mpaka sikioni, chai ikamwagika kitambaani. Akasema samahani mara nne. Mzee alikuwa ameketi mbele yake. Aliona. Na pale pale, mchana ule, alisikia glasi mbili zinagongana, na mezani kulikuwa na vikombe vya bati tu.

Alisema nini? Hakusema kitu. Alimwambia mkewe baadaye, "Mtoto amekonda," na mkewe akajibu, "Ndoa changa hiyo, atanenepa," wakalala.

Kiangazi kikiwa kimetimiza miezi minne, mwaka wa pili wa ndoa, Maranda akapiga simu mwenyewe. Jambo hilo peke yake lilikuwa geni.

"Baba, shikamoo. Mlango wa chumbani umevimba. Haufunguki vizuri. Naomba uje na bisibisi."

"Mlango upi huo?"

"Ule uliotupa."

Lo! Ungemwona mzee. Ungedhani ametukaniwa mama yake. "Nilioutengeneza mimi? Wewe Maranda! Mbao nilizokausha miaka miwili zivimbe? Mwezi wa ngapi huu? Jua linapasua mawe huko nje! Mlango hauvimbi kiangazi, na wewe ulikuwa unalijua hilo kabla hujaota meno ya pili!"

Ule mwangwi tu ukasikika. Halafu ikaja sauti ya mkwe, karibu sana na simu, anacheka polepole. "Nilimwambia, baba. Nilimwambia mlango hauna tatizo lolote. Siku hizi mwanao anasahausahau."

"Mpe pole," mzee akasema, bado amenuna. Simu ikakatika.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alikuwa anafunga bawaba ya kabati la mtu. Akakaza skrubu ya kwanza. Akakaza ya pili. Glasi zikagongana nyuma yake. Safari hii hakugeuka, maana macho yake yalikuwa yametua kwenye kile kilichokuwa mkononi mwake.

Bisibisi. Mlango uliovimba unaletewa randa. Bisibisi ya nini? Mtoto wa miaka sita aliyekuwa anawasomea wateja somo lile alilijua hilo. Maranda alikosea mara mbili kwenye simu moja, yeye ambaye hakuwahi kukosea mbao maishani mwake. Hakukosea. Alikuwa anamwambia kuna skrubu za kutolewa kwenye ule mlango. Alikuwa anamwambia baba, haufunguki.

Na yeye alifanya nini? Akasimama juu ya kiburi chake cha milimita mbili, akamwambia kwa sauti kubwa, na mume anasikia, kwamba ni uongo.

Bisibisi ilianguka. Mzee alikaa chini kwenye maranda, aproni na vyote, akashika kichwa. Alihesabu: leo siku ya tatu. Siku tatu tangu nimuuze mwanangu.

Alirudi nyumbani ameshika nyundo ya mbao, hajui hata aliichukua saa ngapi. Mkewe alikuwa anaanua nguo. Akamweleza kwa maneno yaliyovunjikavunjika, na alipofika kwenye bisibisi, mama watoto akaacha kuanua, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Aliniambia," akasema.

"Alikwambia nini?"

"Mwaka jana. Tulikuwa jikoni, mkwe ameenda kuchukua gari. Akaniambia, mama, ananifungia. Nikadhani anafungiwa akiba, anafungiwa simu, sijui nilidhani nini." Alijifunika uso kwa shuka alilokuwa ameanua. "Nikamwambia avumilie. Nikamwambia mimi mwenyewe kwa bibi yake, mama yako, niliyaona makubwa zaidi. Baba watoto, nilimfunga mwanangu mdomo."

Mzee akaanza kuelekea barabarani na nyundo yake. Mama watoto aliinuka, mwanamke wa miaka sitini na mguu wa baridi yabisi, akamkimbilia akamshika mkanda. "Unakwenda wapi? Ukienda na hiyo utarudi na maiti, na hujui itakuwa ya nani! Weka chini. Weka chini nakwambia! Kuna yule mama wa ofisi ya ustawi wa jamii, alikuja kanisani akasema mwenye shida ya ndani ya nyumba asione haya. Twende kwake. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Yule afisa ustawi alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani, meza yake imejaa majalada mpaka anachungulia katikati. Hakushtuka, na hilo liliwatisha zaidi. Aliuliza tu. Je, anaongea na simu peke yake? Hapana. Funguo za nyumba anazo? Wakatazamana, hawajui. Ana rafiki? Alikuwa naye. Kazi? Alikuwa nayo. Akiulizwa swali, nani hujibu? Kila jibu lilimtoka mzee kama jino. Alikuwa na majibu yote. Hilo ndilo lililomuuma: hakuna swali aliloulizwa ambalo hakuwa ameliona jibu lake kwa macho yake, na akanywa chai.

"Na mkwe wenu ni mtu wa namna gani?" afisa akauliza.

"Mpole," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Afisa aliitikia kwa kichwa na kuandika. Halafu akawaambia jambo ambalo mzee hakulitegemea. "Msimpigie simu. Msimtumie ndugu kwenda kusuluhisha. Mtu wa namna hii anapohisi mke anaondoka, hapo ndipo anapokuwa hatari kuliko siku zote. Tunamtoa kwanza, maneno baadaye. Saa ngapi mkwe yuko kazini?"

"Saa mbili hadi kumi."

"Basi kesho saa nne. Nitakuja na askari wa kike kutoka dawati la jinsia la kituo cha polisi. Mzee, wewe utakuja na vifaa vyako."

"Nije na nini?"

"Si alikwambia mwenyewe? Bisibisi."

Kesho yake jua lilikuwa kali, barabara nyeupe, mbwa wamelala chini ya magari. Nyumba ya mkwe ilikuwa na maua mlangoni, yamemwagiliwa. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli kwa nje. Askari alibisha, akaita, hakuna aliyeitika. Jirani alitoa kichwa dirishani, akaona sare, akakirudisha.

"Mzee," askari akasema, "unaweza kuufungua bila kuvunja?"

"Mimi sivunji," mzee akasema. "Mimi nafungua." Alitoa pini za bawaba kwa patasi, moja, mbili, tatu, akauegemeza mlango ukutani kama anavyofanya kwa mteja yeyote. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Yeye alikuwa mbali, anasikia glasi.

Ndani kulikuwa safi. Safi ya kutisha, hakuna kandambili iliyolala upande. Akapita sebuleni, akaingia kwenye ujia, akauona mlango wake.

Na juu ya mlango wake, kwa nje, usawa wa kifua, komeo. Jipya, linang'aa. Limefungwa.

Afisa alimsogelea, akaona uso wake, akampisha. Mzee aliinua mkono, ukagoma. Alinusa moshi. Hapakuwa na moshi, afisa na askari waliapa baadaye kwamba hapakuwa na hata harufu ya kiberiti, lakini yeye alinusa, na alijua kwa yakini kwamba akisukuma ulimi ule atamkuta mwanamke wa sinia, amesimama, amechoka kungoja, anataka kumuuliza tu swali moja.

Akagonga kwa kidole. Mara tatu, polepole, kama wanavyogonga mbao kuisikiliza.

Kimya.

"Maranda."

Mzee aliweka sikio kwenye mbao zake mwenyewe, zile za miaka miwili. Akasikia kitu kinaburutwa sakafuni. Kisha kutoka ndani, kidole kikagonga. Mara tatu.

"Nani?" Sauti ilikuwa imekauka.

"Fundi wa mlango," akasema, na hapo akalia. "Nimesikia umevimba."

"Kiangazi hiki?" akasema Maranda.

Mzee alisukuma komeo. Kwaa. Mlango ukafunguka bila sauti, kama alivyouunda.

Alikuwa na jagi la maji, ndoo, na mkeka. Kitanda kilikuwa kimetolewa. Jicho moja limefumba lenyewe, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani. Siku nne. Mumewe alimfungia jioni ile ile ya simu, akamwambia, baba yako ni fundi mzuri sana, amenisaidia. Hilo Maranda alilisema baadaye. Pale mlangoni alimtazama baba yake kwa lile jicho zima, akampita, akaenda kugusa fremu pale skrubu zilipoingia. Askari alipiga picha. Kisha mzee akalifungua komeo, skrubu moja baada ya moja, na askari akalitia kwenye mfuko.

Hospitali walimfunga mkono. Mchana wakawa kituoni, kwenye chumba kidogo chenye meza, benchi na kalenda ya mwaka uliopita. Mama watoto alikuwa amemshika binti yake kiuno kama mtu atakayepeperuka. Afisa ustawi aliketi pembeni. Askari akafungua jalada, akachukua kalamu.

"Mwanangu, niambie ilivyokuwa. Taratibu tu."

"Nilianguka," Maranda akasema.

"Andika nilianguka bafuni. Sitaki makubwa. Mnipeleke tu nyumbani kwa baba, inatosha. Yeye ni mtu wa watu, kila mtu anamjua. Nani ataniamini mimi?" Aliongea kama anasoma. "Na komeo ni la wezi."

Askari aliweka kalamu chini. Afisa ustawi akasema, kwa upole, kwamba hakuna atakayemlazimisha, hayo ni maneno yake na mwili ni wake. Lakini mzee aliwaona wanawake wawili wakitazamana, na alielewa. Bila maneno ya Maranda, yule karani angelala kwake leo. Angekuja kesho na shati lililonyooshwa, na shikamoo mbili, na kulia. Angelia mpaka ashikwe mabega. Na watu wangesema maskini.

Mzee Milimita aliinama kwenye mkoba wake. Chini kabisa, chini ya patasi na pimamaji, alikuwa amelitia lile kopo asubuhi bila kumwambia mtu. Alilitoa, akavuta utepe, ukatoka umekauka vipande vipande. Akaliweka komeo jeusi mezani.

"Hili nililiweka mimi," akasema.

Mama watoto akageuka. "Nini hiyo?"

Akaeleza. Hakujipamba. Alisema juu ya bwana wa viatu vilivyopigwa rangi, na saa sita mchana, na moto, na mlango uliogongwa mpaka ukaacha. Alisema alivyotazama kushoto na kulia. Alisema, "Nilikuwa na ushahidi wa mtu aliyekufa, nikauficha nyuma ya vanishi, na mwanangu anacheza hapo chini." Askari alikuwa ameshaanza kuandika, kwenye karatasi nyingine.

"Aliniletea maji," mzee akasema. "Mikono inatetemeka. Akaniuliza, fundi, skrubu hizo ni ndefu? Alikuwa ananiomba, mwanangu. Hakuwa na njia nyingine ya kuomba, na mumewe amesimama pale. Na mimi nikacheka."

Maranda alikuwa ameliinamia lile komeo. Alinyoosha mkono mzima, akaugusa ulimi wake kwa ncha ya kidole, masizi yakamshika.

"Na mimi nilimuuliza," akasema.

"Ulimuuliza nani?"

"Fundi aliyekuja kuliweka la kwangu. Nilimpelekea maji. Nikamuuliza hivyo hivyo, skrubu hizo ni ndefu. Akacheka, baba. Akaniambia hata tembo hang'oi."

Mzee alingoja zile glasi zigongane. Alisikia feni ya darini, na mtu anafagia nje.

Maranda alijifuta masizi kwenye gauni, akamgeukia askari.

"Futa ile ya bafuni," akasema. "Andika."